Shajara ya Mradi: Ankara ya Meno Ambayo Mgonjwa Anaweza Kuisoma

Mimi ni mtunza hesabu wa kliniki ndogo ya meno jijini Tanga, yenye viti viwili vya tiba, madaktari wawili, wasaidizi watatu na dirisha moja la malipo. Shajara hii naiweka ili kliniki nyingine yenye ukubwa kama wetu iweze kuifuata kazi hii au kuinakili. Hatua za kawaida nimezipitia upesi, na makosa nimeyaeleza kwa kirefu, kwani ndiyo yaliyotula muda na fedha.

13 Januari 2025: Hali tuliyoanza nayo

Ankara zetu zilikuwa zikiandaliwa kwenye jedwali la kompyuta tuliloachiwa na mtunza hesabu aliyenitangulia. Lilikuwa na safu tatu zenye vichwa vya Kiingereza, Item, No. na Amount, na chini yake vifupisho ambavyo madaktari huandikiana wao kwa wao: Fill. comp., RCT, Exo, Scaling, PA x2. Mgonjwa alikuwa akipewa karatasi hiyo pamoja na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ambayo nayo ilikuwa na neno moja tu, HUDUMA, na jumla ya fedha.

Aliyenifanya nianze ni mzee mmoja mstaafu wa bandari, aliyerudi siku ya tatu baada ya kuzibwa jino, ankara akiwa ameikunja mara nne na kuitia ndani ya kofia yake ya viua. Aliikunjua dirishani, akaweka kidole kwenye safu ya katikati, akamwambia dada anayepokea malipo: "Mwanangu, mimi nimebakiwa na meno kumi na tisa kinywani. Haya arobaini na sita mliyoniziba mmeyatoa wapi?" Dada alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu mstari wenyewe ulisomeka hivi: Fill. comp., 46, 70,000. Kwetu 46 ni jina la jino, lakini kwa mtu yeyote asiyekuwa daktari wa meno, namba iliyo kati ya jina la kitu na bei yake ni idadi ya vitu hivyo. Kwa jinsi tulivyoiandika, mzee aliisoma sawasawa.

Kabla ya kubadilisha chochote nilitaka kujua ukubwa wa tatizo. Kwa wiki mbili zilizoishia tarehe 11 mwezi huu, dada wa dirishani alichora mstari mmoja kwenye daftari kila mgonjwa alipouliza jambo kuhusu ankara yake, akaandika na swali lenyewe kwa maneno machache. Katika ankara 118 zilizotoka, 41 ziliulizwa. Maswali 17 yalikuwa ya kutojua ni huduma gani iliyoandikwa, 11 ya jino lipi, 9 ya fedha zilizolipwa siku za nyuma, na 4 tu ya bei kuzidi mgonjwa alivyotarajia. Naomba msomaji aikumbuke hiyo nne, kwa sababu ilinidanganya kwa miezi mitatu. Gharama hadi hapa ni daftari moja la zamani lililokuwa na kurasa tupu.

27 Januari 2025: Jaribio la kwanza, ambalo lilishindikana

Nilidhani uwazi ni wingi wa maelezo. Nilikaa na wasaidizi, tukaorodhesha kila kinachotumika kuziba jino moja, tangu glovu, barakoa, sindano na dawa ya ganzi, pamba, utakasaji wa vifaa, dawa ya kuzibia, hadi taa ya kuikaushia, kisha bei ya huduma nikaigawa katika vipengele hivyo. Ankara ya kuziba jino moja ilifikia mistari 14 na kujaza ukurasa mzima wa A4.

Tuliitumia siku nne. Siku ya kwanza mgonjwa wa pili alisema tuitoe pamba kwenye hesabu kwa kuwa nyumbani anayo. Siku ya tatu fundi mmoja wa magari, mtu mwenye akili ya hesabu kuliko mimi, aliuliza kwa nini anatozwa jozi mbili za glovu ilhali alihudumiwa na daktari mmoja, na akawa tayari kulipa jozi moja. Hakuwa na ubishi. Ankara ilikuwa imemwalika achague, naye akachagua. Tena bei ya kila kipengele nilikuwa nimeibuni ili jumla itoke sawa, kwa hiyo hata tulipoulizwa kwa upole hatukuwa na jibu la kweli.

Tulichojifunza ni kwamba mstari mmoja wa ankara uwe jambo moja ambalo mgonjwa anakumbuka kutendewa. Anakumbuka kupigwa picha, anakumbuka kuzibwa, anakumbuka kung'olewa. Hakumbuki utakasaji wa vifaa, wala hapaswi kuupatana bei. Ganzi tulibishana kama iwe mstari wake, kwa sababu sindano yake haisahauliki, lakini kwa kuwa hatumzibi mtu jino lenye maumivu bila ganzi, tuliiingiza ndani ya bei ya huduma na kuandika chini ya ukurasa: "Bei zote zimejumuisha ganzi na vifaa." Gharama: rimu moja ya karatasi, shilingi 13,000, na wino wa printa kujazwa, shilingi 45,000.

10 Februari 2025: Majina ya huduma

Kutafsiri vifupisho kulionekana kazi ya nusu saa, kukachukua wiki mbili. Kung'oa jino na kuziba jino hazikuwa na shida. Kofia ya jino tuliiacha kama watu wanavyoiita, ingawa daktari wetu kijana alipendelea "taji", neno ambalo mgonjwa mmoja alituuliza kama ni la dhahabu.

Shida kubwa ilikuwa RCT, yaani kusafisha na kuziba ndani ya jino bila kuling'oa. Nilianza na "Matibabu ya mzizi wa jino", nikaridhika nayo kabisa. Wagonjwa watatu wa kwanza walielewa kwamba wameng'olewa mzizi, na mmoja wao akajitazama kwenye kioo cha mapokezi kuhakikisha jino bado lipo. Wa nne, mama wa makamo kutoka Pangani, aliuliza kwa sauti ya chini ni mizizi ya mti gani tuliyomtia, kwa kuwa asingependa ichanganyike na dawa za presha anazokunywa. Neno mzizi peke yake linabeba mambo mawili, kung'oa na dawa za asili, na yote mawili ni kinyume cha kilichofanyika. Sasa mstari unasomeka: "Kusafisha na kuziba ndani ya mizizi ya jino ili jino libaki." Ni mrefu, lakini tangu tuuandike hivyo hakuna aliyeuliza.

Scaling nayo tuliiandika "Kusafisha meno", na kijana mmoja aliyekuwa anajiandaa kwa harusi yake akalipa na kuondoka akiwa na furaha, akarudi kesho yake kulalamika kwamba meno hayajawa meupe. Tumebadilisha kuwa "Kukwangua ukoga ulioganda kwenye meno", jina lisiloahidi weupe. Kwa dawa za kuzibia tumeacha majina ya kemikali na kuandika rangi, "ya rangi ya jino" au "ya rangi ya fedha", kwa sababu ndicho mgonjwa anachokiona kwenye kioo, na ndicho kinachoeleza tofauti ya bei.

19 Februari 2025: Jino lipi?

Madaktari wetu hutumia namba za mfumo wa FDI, yaani Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Meno, ambazo pia ni kiwango cha ISO 3950. Kila jino lina tarakimu mbili. Ya kwanza hutaja robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwa mgonjwa, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto na 4 chini kulia. Ya pili huhesabu kuanzia katikati ya mdomo kwenda nyuma, 1 hadi 8. Meno ya utotoni hutumia robo za 5 hadi 8 na huhesabiwa 1 hadi 5. Hivyo 46 ni gego la kwanza la chini kulia, na 75 ni gego la pili la utotoni, chini kushoto.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwafundisha wagonjwa namba hizi kwa kuzieleza nyuma ya ankara. Nilijitetea kwamba hapa Ngamiani, eneo letu la Tanga, barabara zetu nyingi zinajulikana kwa namba na hakuna anayepotea. Daktari mkubwa alinijibu kwamba watu wamezijua barabara kwa kuzitembea, na hakuna anayetembea kinywani mwake. Nililiacha.

Wazo la pili lilikuwa mchoro. Nilimlipa kijana anayechora mabango shilingi 30,000 atengeneze picha ya safu mbili za meno, ile inayotumika kwenye mafaili ya kliniki, nasi tukawa tunatia duara kwenye jino lililotibiwa. Siku ya kwanza tu mgonjwa aligoma kulipa, kwa hoja kwamba ametibiwa jino la kulia na tumemchorea la kushoto. Mchoro wa madaktari huonyesha kinywa kama anavyokiona aliyesimama mbele ya mgonjwa, kwa hiyo kulia kwa mgonjwa huwa kushoto kwa karatasi. Nilitaka kuugeuza, madaktari wakakataa kwa haki, kwamba picha mbili zinazopingana ndani ya jengo moja ndiyo njia ya kung'oa jino zima na kuliacha bovu. Mchoro umebaki, lakini pembeni yake sasa kuna maneno KULIA KWAKO na KUSHOTO KWAKO kwa herufi kubwa, na kila mstari wa ankara unataja jino kwa maneno kwanza, namba ikifuata kwa herufi ndogo kwa ajili ya daktari na kampuni za bima. Ule mstari wa mzee wa bandari leo ungekuwa hivi: "Kuziba jino kwa dawa ya rangi ya jino. Gego la kwanza, chini, kulia kwako (jino namba 46). Shilingi 70,000."

Ili dada wa dirishani asiandike maneno hayo kwa mkono, nilitengeneza kwenye LibreOffice Calc, programu isiyo na malipo, jedwali la pembeni lenye safumlalo 52, yaani meno 32 ya ukubwani na 20 ya utotoni. Anaandika namba, na maelezo yanajitokeza yenyewe kwa fomula ya VLOOKUP. Nimeifunga pia seli ya namba isikubali namba isiyokuwa miongoni mwa hizo 52, hivyo akiandika 19 au 56 kwa kuteleza, kompyuta inamkatalia.

5 Machi 2025: Kosa langu katika jedwali la meno

Lile jedwali la safumlalo 52 nililijaza kama mtu anavyosoma kitabu, mstari wa juu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha nikashuka na kuanza tena kushoto. Robo za FDI hazihesabiwi hivyo. Huzunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo baada ya juu kushoto hushuka moja kwa moja hadi chini kushoto. Matokeo yake ni kwamba meno yote ya juu yalitoka sahihi na yote ya chini yakabadilishana pande: jino 36 likaandikwa "chini, kulia kwako", na 46 likaandikwa kushoto. Za utotoni vivyo hivyo, 75 na 85.

Lilidumu siku nane za kazi. Hatukuligundua sisi. Kampuni moja ya bima ilirudisha dai kwa sababu namba na maelezo havikupatana, nami bado nilianza kwa kuamini kwamba wao ndio waliokosea. Ankara tisa zilikuwa zimeshatoka, na zaidi ya nusu ya wenyewe hawakuwa wameuliza kitu, jambo lililonikera zaidi kuliko kosa lenyewe, maana lilionyesha kwamba watu walishazoea kutotegemea karatasi yetu iseme kweli. Tuliwapigia simu wote tisa, tukawaomba radhi na kuwachapishia upya (vocha, shilingi 5,000).

Kwa atakayenakili: usijaribu jedwali lako kwa meno mawili matatu kama nilivyofanya mimi, ambaye nilijaribu 11, 21 na 26, yote ya juu. Jaribu jino moja kutoka kila robo, zote nane, na mwache msaidizi wa daktari alinganishe na kinywa cha mtu aliye hai. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikafungua mdomo, naye akanihesabu. Nimegundua pia kwamba nina jino la kuzibwa, lakini hilo si la shajara hii.

20 Machi 2025: Neno salio

Mwezi huu ni wa Ramadhani na dirisha limepoa, kwa kuwa wagonjwa wengi wanaofunga huahirisha kazi za meno hadi baada ya Idi, au huomba kuja jioni baada ya kufuturu. Tumetumia nafasi hiyo kushughulikia malipo ya awamu.

Kusafisha ndani ya mizizi huhitaji mara nyingi mahudhurio mawili au matatu, na wengi hulipa kidogo kidogo. Jedwali la zamani lilitoa ankara mpya kila hudhurio, yenye namba mpya na bei nzima ya tiba, na mgonjwa akiwa na karatasi tatu za shilingi 180,000 mkononi ana kila sababu ya kudhani anatozwa 540,000. Sasa kila tiba ina namba moja ya ankara tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na karatasi ya kila hudhurio inaonyesha bei ya tiba yote, kila malipo kwa tarehe na njia yake, taslimu au lipa namba, na mwisho kiasi kilichosalia.

Hicho kilichosalia nilikiita Salio, neno safi la kihasibu. Mama mmoja aliyekuwa amelipa 100,000 kati ya 180,000 alisoma "Salio: 80,000", akamsukuma mbele mtoto wake wa miaka saba na kusema, "Basi kwenye salio langu hilo mng'olee huyu mdogo, linamtikisika." Alikuwa anasema kweli kwa Kiswahili cha simu, ambacho ndicho Kiswahili cha fedha cha watu wengi leo: salio ni fedha uliyonayo. Katika wiki hiyo hiyo wengine wawili walilielewa hivyo, mmoja wao akaomba arudishiwe.

Nilibadilisha kuwa Deni. Lilieleweka mara moja, na mwenye kliniki akalikataa mara moja, akisema hawezi kumkabidhi mtu mzima karatasi yenye neno deni mbele ya foleni, na mji wenyewe ni huu ambao kila mtu anamjua shemeji ya mwenzake. Tulijaribu Baki, lakini mtu akilipa noti ya elfu kumi huuliza baki yake, maana yake chenji. Tumeishia kwenye sentensi nzima: "Kiasi ambacho bado hujalipa", na malipo yakikamilika mstari huo hubadilika wenyewe kuwa "Umemaliza kulipa. Asante." Neno moja zuri nimelitafuta wiki nzima na sikulipata.

14 Aprili 2025: Risiti ya EFD, dola na faragha

Mambo matatu yamekamilika tangu Idi.

La kwanza ni kuoanisha ankara na risiti. Wakala wa mashine ya EFD alituingizia majina ya huduma nane kwa shilingi 40,000, kwa hiyo risiti sasa inataja kuziba, kung'oa, picha na kadhalika badala ya HUDUMA pekee. Wagonjwa wanaorudishiwa fedha na waajiri wao walikuwa wakiuliza mbona VAT inasoma sifuri, kana kwamba tumeikwepa, basi chini ya ankara tumeandika kwamba huduma za tiba ya meno zimesamehewa kodi hiyo, kama ilivyo katika Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014. Tatizo jingine la risiti hizo ni karatasi yenyewe, ambayo huchapwa kwa joto na hufifia. Watu waangalifu huipaka gundi ya utepe juu au huipeleka ikafunikwe kwa plastiki ya moto, na hapo ndipo inapofutika au kuwa nyeusi kabisa. Tumeongeza kwenye ankara ya A4 nafasi ya kuandika namba ya risiti na msimbo wake wa uhakiki, ili hata risiti ikififia mwajiri aweze kuihakiki kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato.

La pili, bei za kofia za jino na za kupanga meno zilikuwa kwenye orodha yetu kwa dola, kwa mazoea ya siku nyingi. Kanuni za Machi 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, nasi tumezigeuza zote kuwa shilingi. Nakiri kwamba tulipaswa kufanya hivyo zamani bila kusubiri kanuni, kwani ankara iliyobadilika kati ya hudhurio la kwanza na la pili kwa sababu ya dola kupanda haiwezi kuwa wazi hata ikiandikwa vipi.

La tatu ni kosa letu. Tulianza kutuma ankara kwa WhatsApp kwa namba iliyo kwenye faili, na ankara ya mama mmoja, ambayo sasa ilieleza kila kitu kwa Kiswahili kizuri, ikafika kwa kaka wa mumewe, aliyewahi kumwandikisha miaka mitatu iliyopita. Ankara ya vifupisho ingemfikia bila madhara, kwa kuwa asingeielewa. Mama huyo alilalamika, na alikuwa na haki, kwa adabu za kawaida na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sasa hatutumi mpaka mgonjwa mwenyewe aitaje namba siku hiyo, na anayetaka ankara ya kupeleka kazini huulizwa kama anataka yenye maelezo ya tiba au yenye jumla tu.

12 Mei 2025: Tatizo halikuwa kwenye ankara

Mwezi Aprili tulirudia kuhesabu maswali kwa wiki mbili. Ankara 120, maswali 19. Ningefurahi, ila 13 kati ya hayo 19 yalikuwa ya bei: "Daktari aliniambia kuziba, hii picha imetoka wapi?" "Nilikuja na jino moja, mbona mawili?" Mwezi Januari maswali ya aina hii yalikuwa manne. Bei hazikuwa zimepanda. Nilivyoelewa baada ya kusoma daftari zote mbili kwa pamoja ni kwamba mgonjwa wa Januari hakuweza kuuliza picha imetoka wapi, kwa sababu PA x2 hakujua kuwa ni picha. Alilipa, akanyamaza, na huenda hakurudi. Karatasi ilipoanza kusomeka, mshangao uliokuwa umejificha ndani ya vifupisho ukatokeza dirishani.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa ya kabla ya ankara. Nilikaa nusu siku kwenye kona ya chumba cha tiba kwa ruhusa ya wagonjwa, na nikaona kwamba bei hubadilika katikati: daktari hutoboa, hukuta uozo umefika ndani, humwambia mgonjwa kwamba sasa itabidi kusafisha mizizi, na mgonjwa hutikisa kichwa. Lakini huyo mgonjwa ana ganzi, mdomo uko wazi, umejaa pamba, na bomba la kunyonyea mate linanguruma shavuni. Kutikisa kichwa kwa namna hiyo tulikuwa tunakuhesabu kuwa ni kukubali shilingi 180,000.

Tumeanzisha ankara kifani, inayotolewa baada ya uchunguzi na kabla ya ganzi, yenye mistari ile ile itakayokuja kuonekana kwenye ankara halisi, kwa mpangilio ule ule. Pale ambapo daktari ana shaka, huandikwa njia mbili na bei zote mbili: "Uozo ukiwa haujafika ndani: kuziba, 70,000. Ukiwa umefika ndani: kusafisha na kuziba ndani ya mizizi, 180,000. Tutasimama na kukuuliza kabla ya kuendelea." Kusimama maana yake ni kutoa pamba, kumkalisha mgonjwa wima na kumwonyesha karatasi.

Wiki ya kwanza ilishindikana, kwa kuwa niliwaomba madaktari wajaze karatasi, na daktari mwenye glovu zilizolowa hashiki kalamu. Kati ya wagonjwa zaidi ya hamsini, saba tu walipata kifani. Dawa yake imekuwa karatasi moja yenye huduma zote na mchoro wa kinywa, iliyofunikwa kwa plastiki (nakala nne, shilingi 8,000), ambayo msaidizi huitia alama kwa kalamu ya kufutika wakati daktari anataja kwa mdomo, kisha huipeleka dirishani. Dada huingiza namba, huchapa, na mgonjwa hutia saini au dole gumba. Huongeza kama dakika nne kwa mgonjwa. Daktari kijana alizinung'unikia hizo dakika mpaka siku alipoona mgonjwa amechagua kung'oa badala ya kusafisha mizizi, akiwa bado hajatobolewa, kwa sababu hakuwa na uwezo wa hiyo 180,000. Zamani tungemtoboa kwanza.

Karatasi za kifani zimekula rimu mbili, shilingi 26,000.

16 Juni 2025: Hesabu ya tatu na yaliyobaki

Ankara 127 kwa wiki mbili, maswali 8. Matatu ni ya bei, na yote matatu ni ya wagonjwa walioletwa na maumivu makali wakaingizwa kwenye kiti bila kifani. Mawili ni ya watu wasiosoma vizuri kwa macho, nasi tumekuza herufi hadi ukubwa wa 13, na dada huwasomea wanaoomba, mlango wa mapokezi ukiwa umefungwa. Matatu yaliyosalia ni ya kawaida, kama vile kuuliza lipa namba ni ya mtandao gani.

Jumla ya fedha zilizotumika ni shilingi 167,000: karatasi rimu tatu 39,000, wino 45,000, mchoro 30,000, wakala wa EFD 40,000, plastiki 8,000 na vocha 5,000. Muda wangu sikuuhesabu, lakini kama ningeanza na kifani badala ya kuishia nacho, nadhani ungekuwa nusu.

Kilichobaki ni meno bandia. Mzee wa bandari amerudi kutaka seti ya chini, nayo huhitaji mahudhurio matano hivi, ikiwemo kupima, kujaribisha kwa nta na kurekebisha, huku maabara ya Dar es Salaam ikitutoza sisi kwa hatua na sisi tukimtoza yeye kwa jumla. Tumempa kifani cha kwanza wiki iliyopita. Ameipitisha kalamu mstari kwa mstari, akaweka alama kwenye "Kujaribisha meno ya nta", na kuuliza kama atatozwa tena endapo hayatamkaa vizuri na kurudiwa. Hatukuwa na jibu lililoandikwa. Ankara yake nimeizuia mpaka madaktari wakubaliane marudio mangapi yamo ndani ya bei, na nitaandika hapa watakapokubaliana.